Jani na Mizani Yake

Kwa zaidi ya miaka thelathini nimekuwa nikiishi kwa kupima maneno. Kazi hii sikuisomea katika chuo chochote. Nilikuwa karani wa kuhesabu shehena bandarini. Kiingereza nilijifunza kwa kamusi moja iliyochakaa na kwa redio ya usiku, na ushairi niliupata barazani, kwa wakubwa wasiokuwa na subira na mtu anayepoteza mizani. Walinifundisha kwamba mstari ukizidi silabi moja huchechemea, hata ukiwa na maana nzuri kiasi gani. Basi nimezoea kulitazama kila neno kwa pande mbili: linasema nini, na lina uzito gani.

Katika maneno yote niliyowahi kuyapima, lililonitaabisha kuliko mengine halikutoka katika utenzi wala tamthilia. Lilitoka katika kijitabu cha kurasa chache kilichoandikwa kwa ajili ya wazazi wa watoto wenye saratani, nami nikaombwa nikitie katika Kiswahili. Kijitabu kile kilizungumzia mambo ambayo mzazi humfanyia mtoto kando ya matibabu ya hospitali: kumkanda miguu, kumwimbia, kumwombea dua, kumpa tangawizi ili kupunguza kichefuchefu, kumfundisha kuvuta pumzi taratibu kabla ya sindano. Kiingereza kina neno moja kwa haya yote, na maana yake ni kitu kinachokikamilisha kingine. Nilipotazama sisi twasemaje, nikakuta twasema "tiba mbadala". Ndivyo lilivyo hata jina la sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 2002: Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Sasa, ndugu msomaji, neno "badala" sote twalijua. Kitu cha badala hukaa pale alipoondoka mwenziwe. Ukinipa muhogo badala ya wali, basi wali sina. Mama anayeambiwa kwamba ipo tiba mbadala huona mbele yake njia panda: huku hospitali, huku mizizi na dua, achague. Kijitabu kilikusudia kinyume chake kabisa. Kilitaka kusema kwamba njia ni moja, na kwamba katika njia hiyo mtoto asiachwe apite peke yake. Neno letu lilikuwa likiipasua njia moja kuwa mbili.

Huenda jambo hili lingebaki kuwa mjadala wa wapenda lugha, kama maradhi yenyewe yasingeingia nyumbani kwetu wakati kijitabu kikiwa bado mezani pangu.

Binti wa dada yangu ameolewa Mwanza. Mumewe ni Msukuma wa upande wa Sengerema, ng'ambo ya ghuba. Mtoto wao wa kiume, akiwa na umri wa miaka sita, alianza kulegea meno ya upande mmoja. Watu wakasema ni meno ya utoto yanayotoka. Kisha shavu likavimba. Mganga wa kwanza aliyetazamwa alimchanja chale na kumbandika majani kwa muda wa wiki mbili, na katika wiki hizo mbili taya likawa kubwa kama embe na jicho likaanza kusukumwa nje. Mganga wa pili, mzee wa ukoo wao, alilishika taya lile kwa vidole viwili, akanyamaza kwa muda, kisha akasema: "Hili si langu. Mpelekeni Bugando leo, msingoje kesho." Ninawataja wote wawili kwa sababu watu wengi wa mjini wanamjua yule wa kwanza tu, na wengi wa vijijini wanamjua yule wa pili tu.

Kwetu mjomba ana wajibu wake. Nikapanda boti hadi Dar es Salaam, kisha basi hadi ziwani.

Mwanza ni mji wa mawe. Majabali yamekaa juu ya majabali kama kwamba mtu aliyapanga kisha akasahau kwa nini, na nyumba zimejibana katikati yake hadi juu vilimani. Katika kimojawapo cha vilima hivyo ipo Hospitali ya Rufaa ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, na wagonjwa wa mikoa yote ya Kanda ya Ziwa hupandishwa huko. Kutoka pale juu ziwa huonekana limelala, pana hata mtu wa bahari hulistahi. Mimi mzaliwa wa kisiwani nililiangalia maji yale yasiyo na chumvi nikafikiri kwamba kila pwani ina maradhi yake.

Na kwa hakika maradhi haya ni ya pwani ile. Huitwa saratani ya Burkitt, kwa jina la Denis Burkitt, tabibu wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe katika pande zote za taya, na mwaka uliofuata akaandika habari za maradhi hayo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakazunguka kiasi cha kilomita 16,000 Afrika Mashariki na Kusini, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza: je, mmewaona watoto wa namna hii? Ramani aliyoichora iliambatana na joto, mvua na mbu. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake jijini London waliona kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo, kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr. Ikaja kueleweka kwamba kirusi hicho, ambacho watu karibu wote duniani hukipata bila ya kudhurika, hupata nafasi ya kufanya uovu wake kwa mtoto ambaye malaria imemchosha mwili tena na tena. Huko Mara Kaskazini, si mbali na hospitali ya Shirati iliyo kando ya ziwa hilohilo, watafiti waliwagawia watoto klorokwini kati ya mwaka 1977 na 1982 ili waone kama kuizuia malaria kutapunguza saratani hii. Kwa hiyo ufuko huu wa ziwa si mgeni katika elimu ya maradhi haya. Watoto wake wamechangia yale ambayo ulimwengu unayajua.

Jambo moja kuhusu saratani ya Burkitt ni lazima lijulikane kabla ya kusema lolote juu ya mizizi na dua. Ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote za binadamu. Uvimbe wake huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja hadi mbili. Mtu mzima mwenye uvimbe unaokua polepole anaweza kuzunguka kwa waganga mwezi mzima na bado akaikuta hospitali ingali na la kumfanyia. Mtoto huyu hana mwezi. Lakini kasi hiyohiyo ndiyo udhaifu wake, kwa kuwa dawa za saratani huzishambulia zaidi chembe zinazogawanyika haraka. Maradhi yanayoua upesi ndiyo hayohayo yanayotii dawa upesi, na watoto wengi hupona yakiwahiwa.

Dawa alizotiwa mjukuu wangu zilikuwa na majina ambayo ulimi wa bibi yake haukuweza kuyakubali: siklofosfamidi, methotreksati, vinkristini. Hilo la mwisho nilikuwa nalijua kwa njia nyingine, na nitaomba ruhusa ya msomaji nilisimulie, kwani ndilo lililonifungua macho.

Lipo ua dogo la bustani, la rangi ya waridi au jeupe, petali tano na katikati kama jicho. Visiwani mwetu huota hata mchangani pasipo na rutuba, na halihitaji mtu wa kulimwagilia. Wataalamu huliita Catharanthus roseus. Asili yake ni Madagaska, jirani yetu wa Bahari ya Hindi, na vyombo vya baharini vililitawanya duniani hadi likafika visiwa vya Karibi. Kule Jamaica watu walikunywa chai ya majani yake wakiamini kwamba hushusha sukari mwilini. Mwaka 1952 majani hayo yalitumwa Kanada, na Robert Noble pamoja na Charles Beer wakayajaribu kwa wanyama wa maabara. Sukari haikushuka. Kilichoshuka ni chembe nyeupe za damu. Wengine wangelitupa majani yale. Wao wakajiuliza, ikiwa jani hili linapunguza chembe nyeupe, litafanya nini kwa saratani ya chembe nyeupe? Kutokana na swali hilo, na kutokana na kazi iliyokuwa ikifanywa Marekani wakati huohuo, ikapatikana vinkristini, ambayo iliidhinishwa huko Marekani mwaka 1963.

Kwa hiyo yule bibi mkwe wangu, aliyekuwa akiniuliza kila asubuhi kwa nini hospitali inadharau majani, alikuwa amekaa chini ya chupa iliyokuwa ikimtilia mjukuu wake jani. Nilipomwambia, alinitazama kwa muda mrefu kama anayetaka kuhakikisha kwamba simchezei. Kisha akauliza swali ambalo hata msomi angelionea fahari: "Sasa kama ni jani, kwa nini nisilichemshe mwenyewe?"

Jibu lake lipo katika neno ambalo sisi washairi tunalitumia kila siku. Ni mizani. Tani nzima ya majani makavu hutoa gramu chache mno za dawa hii. Mtoto hutiwa kwa miligramu, kwa hesabu ya ukubwa wa mwili wake, na kwa kawaida haizidi miligramu 2 kwa mara moja. Ikizidi, huua mishipa ya fahamu. Na hata ikiwa imepimwa sawasawa, ni lazima ipite katika mshipa wa damu tu. Ikitiwa kwa makosa katika uti wa mgongo, huua mtu. Jani lile uani halina kipimo: leo lina nguvu nyingi, kesho kidogo, kwa kadiri ya mvua na jua. Kwa maneno mengine, jani ni maana isiyokuwa na vina wala mizani. Dawa ni jani hilohilo baada ya watu wengi kulipima kwa miaka mingi, wakakubali pia kukosolewa.

Na si kila jani lina rehema. Ziwani humo, nyumba nyingi za Usukumani zimezungushiwa uzio wa mnyaa, ule mti usio na majani unaotoa maziwa meupe ukivunjwa. Maziwa hayo hutumiwa na baadhi ya watu kwa dawa. Watafiti wameona katika maabara kwamba utomvu wa mnyaa huweza kukiamsha kile kirusi cha Epstein-Barr kilicholala ndani ya chembe, na wengine wamedhani kwamba mti huo una mkono katika saratani ya Burkitt. Hilo la mwisho halijathibitishwa. Lakini latosha kutuonya tusiseme kwamba kilichoota ardhini hakidhuru.

Sasa nirudi wodini. Siku ya tano baada ya dozi ya kwanza, shavu la mtoto lilikuwa limeshuka. Siku ya tisa ungelimtazama usingelijua kwamba aliwahi kuvimba. Jicho lilirudi mahali pake, akaanza kula ugali na sato. Hapo ndipo ilipoingia hatari kubwa ambayo mimi sikuwa nimeitarajia: bibi alianza kufunga mizigo.

"Mkwe," aliniambia, "uvimbe umekwisha. Mtoto anakula. Nyumbani kuna mpunga unaliwa na ndege. Hawa wanataka kumtia sumu tena ya nini? Nywele zimetoka, choo hapati, usiku anasema nyayo zinamchoma. Alikuwa anaumwa taya. Sasa anaumwa dawa."

Nani angemlaumu? Kila alichokisema alikiona kwa macho yake. Vinkristini hufunga choo na kuchoma nyayo na vidole. Ndiyo tabia yake. Daktari kijana aliyekuwa zamu alimweleza kwa Kiswahili kizuri kabisa habari za chembe zilizobaki zisizoonekana kwa macho, lakini maneno yake yalipita juu kama ndege wa ziwani. Nikamwomba daktari ruhusa niseme mimi. Nilimuuliza bibi kama shambani kwake kuna ndago.

"Ndago?" akacheka. "Ndago ni ugonjwa."

"Ukiifyeka juu, inakufa?"

Akanyamaza. Mkulima yeyote ajua kwamba ndago ina vitunguu vyake chini ya udongo, na kwamba shamba lililofyekwa leo likaonekana safi, mvua ya kwanza hulivika kijani upya. Ndago hupaliliwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, hata pale ambapo hakuna kinachoonekana. "Basi," alisema mwisho, "mara ngapi?" Daktari akamwonyesha kwa vidole. Bibi akaufungua mzigo.

Kitanda cha pili kutoka kwetu alikuwapo mtoto wa kike wa kisiwa kimoja cha humo ziwani. Naye alishuka uvimbe kwa siku chache, na wazazi wake wakaenda naye nyumbani wakiwa na furaha. Aliporudishwa, uvimbe ulikuwa tumboni, na dawa zilezile hazikuusikia tena. Sikuulizia kama walikuwa wametumia mizizi, na wala sidhani kwamba hilo ndilo lililokuwa muhimu. Baba yake aliniambia kwamba alikuwa ameuza wavu wake ili apate nauli ya safari ya kwanza, na kwa safari ya pili hakuwa na wavu. Tunapowasema watu kwamba wamekimbilia waganga, tukumbuke kwamba mganga yuko karibu, hukopesha, na huwajua kwa majina. Wengi hawaachi tiba kwa sababu ya imani. Huiacha kwa kukosa nauli, kisha imani hujaza pengo.

Upande wa kwetu nao haukukosa dawa zake. Dada yangu alikuwa amenifungia sahani nyeupe ya kauri, zafarani na chupa ya marashi, ili mtoto aandikiwe kombe. Wasomaji wa mwambao hawahitaji kuelezwa: aya huandikwa kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Nilikwenda kumwambia daktari waziwazi, nikiwa nimejitayarisha kwa kukaripiwa au kuchekwa. Yeye, ambaye si wa dini yetu, aliuliza jambo moja tu: "Maji yamechemshwa?"

Nimelipima sana swali lile. Ndani yake mna elimu yote niliyokuwa nikiitafuta kwa ajili ya kijitabu changu. Hakuuliza kama ninaamini. Hakutaka kuchukua mahali pa dua wala kuipa dua mahali pake. Alijua kwamba katika siku zile chembe nyeupe za mtoto zilikuwa zimeshuka, na kwamba kikombe cha maji mabichi kinaweza kumuua mtoto ambaye saratani imeshindwa kumuua. Tukachemsha maji, sahani ikaoshwa, dua ikasomwa. Marashi tuliyaweka kando kwa kuwa hakuna aliyejua yamechanganywa na nini. Bibi, ambaye ni Mkatoliki na ambaye mwanawe alisilimu alipooa kwetu, alikaa upande wa pili wa kitanda na rozari yake. Dua mbili hazikugombana.

Vivyo hivyo kwa choo. Bibi alikuwa na mzizi wa kumsafisha tumbo mtoto, na alitaka pia kumpiga bomba kama afanyavyo nyumbani. Daktari alikataa vyote viwili, akaeleza kwamba bomba hukwaruza utumbo, na damu isiyo na askari hupokea kila mdudu apitaye hapo. Akaandika dawa ya maji ya kulainisha choo, kisha akamuuliza bibi angependa kufanya nini zaidi. Papai lililoiva, likaoshwa na kumenywa kwa mikono safi, uji mwepesi, kumkanda nyayo jioni bila ya kubonyeza sana, pasipo na kidonda. Bibi alikubali kwa kuwa alipewa kazi. Nimeona kwamba mtu aliyenyimwa kazi kando ya kitanda cha mgonjwa ndiye huondoka usiku na mgonjwa.

Na mimi nilipewa kazi yangu. Katika tiba hii mtoto hutiwa methotreksati katika maji ya uti wa mgongo, ili maradhi yasijifiche kichwani. Hulazwa ubavu, akakunjwa kama kamba, akaambiwa asitikisike. Mtoto wa miaka sita! Nilikuwa nimesoma habari za jaribio lililochapishwa mwaka 2010 kutoka Hanoi, Vietnam: watoto 40 wenye saratani ya damu, nusu yao walivishwa visikilizio vyenye muziki wakati wa sindano hiyo, nusu walivishwa visikilizio vitupu. Waliosikia muziki waliona maumivu na hofu kidogo zaidi. Sisi hatukuwa na visikilizio, bali mimi nina mizani. Nikamtungia ubeti, nikamfundisha kuhesabu silabi nane kwa kila kipande, akizibana kwenye kidole changu:

Mvuvi yuko ziwani, sato wake amefika,
Wavu wameta majini, polepole wavutika,
Vuta pumzi mwilini, hesabu bila kuchoka,
Mvuvi yuko mwaloni, na sindano imetoka.

Si ushairi wa kuwania tuzo. Lakini una mizani sitini na nne, na sindano ile humalizika kabla ya kurudiwa mara nyingi. Siku ya tatu ya sindano alinisahihisha nilipoimeza silabi moja kwa haraka. Ubeti haukuponya saratani, na mtu akiniambia kwamba mashairi yanaponya saratani nitamwambia asirudie maneno hayo mbele ya mzazi. Ulifanya kazi nyingine: ulimfanya mtoto akubali kurudi chumba kile mara ya nne.

Wasukuma hawangeshangaa. Katika makumbusho ya Bujora, karibu na Kisesa, mgeni huelezwa habari za vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo vilianzishwa na waganga wawili washindani, Ngika na Gumha. Kwao tangu zamani mwimbaji na mganga walikaa nyumba moja. Na jirani yao wa Ukerewe, Aniceti Kitereza, aliyeandika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili na kuiona ikingoja hadi 1980 kuchapishwa, alitusimulia kwa subira kubwa jinsi mume na mke wasiojaliwa mtoto walivyohangaika na mganga na dawa zake. Asomaye kurasa zile huona kwamba uganga wa kweli una utaratibu na miiko yake. Mzee aliyesema "hili si langu" alikuwa mrithi wa uganga huo.

Kinyume chake tulikiona mwaka 2011, watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile kunywa kikombe cha shilingi 500. Foleni za magari zilikuwa za kilomita nyingi. Sina la kumsema marehemu, aliyefariki mwaka 2021, na ninaamini kwamba wengi waliokwenda walikuwa wametoka katika dhiki. Ila wapo waliokunywa kikombe kile wakaacha dawa zao, kwa kuwa waliona kwamba kimekuja kushika mahali pake. Kwa watu wazima wa Marekani utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba waliotegemea tiba mbadala peke yake, kwa saratani ambazo zingetibika, hatari yao ya kufa ilikuwa mara mbili na nusu ya wale waliopata matibabu ya hospitali. Kwa saratani iongezekayo maradufu kwa siku mbili hahitajiki mtafiti wa kutufanyia hesabu.

Neno nililolitafuta kwa ajili ya kijitabu nililipata kwa bibi mkwe wangu, wala hakujua kwamba amenipa. Muuguzi alimuuliza siku moja, kwa upole, kama yale mafuta anayompaka mtoto ni dawa. Akajibu: "Dawa mnampa ninyi. Mimi namsindikiza tu." Kusindikiza! Mwambao na bara sote twajua adabu yake. Humsindikizi mgeni kwa kumzuia asiende, wala hupandi chombo badala yake. Wamshikia mzigo, wampunguzia upweke, wamwonyesha penye mashimo, na mwenye safari hubaki kuwa yeye. Nikaandika "tiba sindikizi". Wapo walionicheka kwamba neno si la kamusi. Kamusi itafika, kamusi hutembea kwa miguu.

Mtoto yule amemaliza miaka kadhaa sasa bila ya maradhi kurejea, yuko shule, na ni mbishi. Si watoto wote wana bahati hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watoto na vijana kiasi cha 400,000 hupata saratani. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona, na katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto hao duniani waokoke. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni ya dawa, wataalamu na fedha, na haitazibwa na mashairi.

Lakini ipo sehemu iliyo juu yetu sisi wenye maneno. Barazani kwako atakuja mtu, leo au mwakani, akuambie kwamba mtoto wa fulani ana uvimbe na kwamba kuna mzee mahali fulani mwenye dawa. Usimkejeli, kwa kuwa mwenye kukejeliwa huficha, na wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Muulize kama mtoto amekwisha kupelekwa hospitali, na kama hapana, mpe nauli kabla ya nasaha. Muulize kama daktari ameambiwa kila anachopewa mtoto nyumbani, hata kikombe cha chai. Mwambie kwamba uvimbe ukishuka safari bado. Kisha muulize nani anayemsindikiza mtoto, na kama hayupo, nenda wewe. Ukiwa huna la kufanya pale kitandani, mfundishe kuhesabu mizani.